Amri ya Kila Asubuhi ya Mzee Orrin Haskell

Majirani wa Bluestem, na ninyi wageni mliotoka Washington, mzee tunayemzika leo, babu yangu Orrin Lindgren Haskell, alizaliwa tarehe 9 Machi 1939 kwenye shamba la mahindi la wazazi wake hapa hapa Nebraska, akasoma shule ya chumba kimoja, akamaliza sekondari ya Bluestem mwaka 1957, kisha akasomea sheria mjini Lincoln, akahitimu mwaka 1964.

Alikuwa wakili, akawa gavana, akawa seneta, na kura zote hizo alizitafuta jikoni kwa watu, akila pai ya kila nyumba hata aliyoichukia. Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Lenora Svoboda katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Grant na Judith.

Tarehe 20 Januari, akiwa na miaka sitini na moja, aliapishwa kuwa Rais wa Marekani, mkono juu ya Biblia ya mama yake, na mwaka wa pili akapeleka vijana vitani, akasema kwenye televisheni kwamba watakuwa nyumbani kabla ya mavuno, mahindi yakavunwa, yakapandwa, yakavunwa tena, akashindwa uchaguzi, akarudi Bluestem, vita vikabaki kule kule na kila aliyemfuata akavirithi.

Kwetu mtu akishakuwa Rais huitwa Rais mpaka kaburini, hata akienda dukani kununua maziwa, na heshima hiyo ndiyo iliyokuja kututesa, kwa sababu tarehe 3 Oktoba mwaka juzi madaktari walipotuambia ana ugonjwa wa kusahau, kitu cha kwanza alichosahau ni kwamba alishindwa, na nani angemkumbusha wakati mji mzima unamwita Bwana Rais? Kila asubuhi, mbele ya uji wake wa shayiri, alimwita mlinzi wake, akasema, "Pruitt, warudishe vijana wote, leo hii, wala usiniletee majenerali," na Pruitt akajibu, "Ndiyo, Bwana Rais," akatoka kwenda barazani kunywa kahawa.

Asubuhi hizo zikiendelea, Maribeth, binti wa Judith, alihamia kwa babu yake na mtoto mchanga, Wade, maana mumewe, Darrell Novak, alipelekwa kwenye vita hivyo hivyo tarehe 11 Januari mwaka huu. Siku za mwanzo Maribeth aliicheka amri ile, halafu siku moja akamfuata Pruitt barazani, mtoto begani.

"Unamdanganya mzee wa watu."

"Dada, nikimwambia hapana ataniuliza kwa nini, nimjibu nini?"

"Mwambie hakuna anayemsikiliza."

"Mwambie wewe, babu ni wako."

Hakumwambia, badala yake akaanza kuwahi kushuka asubuhi ili aisikie ile amri, kwa kuwa katika Marekani yote hakumjua mwingine aliyekuwa anasema vijana warudi. Tarehe 2 Mei jeshi lilimwongezea Darrell mwaka mzima vitani, Maribeth akapiga magoti kando ya kiti cha mzee, akasema, "Babu, sema tena, sema kwa nguvu," naye akamshika mkono, akamwambia taratibu, "Nimeshasema, binti. Mimi ndiye Rais. Nani atakataa?"

Mzee alishikwa na homa ya mapafu tarehe 26 Mei, akalazwa hospitali ya mji, na tarehe 30, saa kumi na mbili asubuhi, alifumbua macho akauliza, "Wamefika?" Pruitt aliinamisha kichwa, ndipo Maribeth akajibu, "Ndiyo, Bwana Rais," naye akafumba macho, akatuacha.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu Wade, na vijana wote walioko bado kule, akiwemo Darrell, aliyenyimwa ruhusa ya kuja kwa sababu babu wa mke, walisema, si ndugu wa karibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta tambi na kuku mpaka jokofu likajaa, Pruitt na wenzake, na ninyi mliofanya kazi naye serikalini, mlioketi hapa mbele, ambao amri ile mngeweza kuitoa ninyi, mkiwa na akili zenu timamu, na ikasikika.

Pumzika kwa amani, Babu, sisi huku amani hukutuachia.