Mpagazi wa Sukari

MAMA MKWE: Haloo? Nani wewe? Namba siijui. Sema haraka, mikono yangu imelowa.

MKAZA MWANA: Shikamoo mama. Ni mimi, mke wa mwanao. Simu yangu imezima, natumia ya msimamizi hapa kiwandani.

MAMA MKWE: Marahaba. Kumbe bibi fundi! Cherehani zimekupa ruhusa ya kukumbuka kwamba ulizaa?

MKAZA MWANA: Mama, nimepewa dakika chache tu. Mtoto hajambo? Namsikia analia.

MAMA MKWE: Kulia ndiyo kazi yake. Wewe una cherehani, yeye ana kilio.

MKAZA MWANA: Huo si mlio wake wa njaa. [mtandao unakwaruza] Mama? Ameharisha?

MAMA MKWE: —risha kidogo. Tangu asubuhi. Nepi zimejaa kamba nzima. Usinitetemekee kwenye simu, mimi nimelea watoto kabla wewe hujaota meno.

MKAZA MWANA: Amekula nini?

MAMA MKWE: Chakula.

MKAZA MWANA: Chakula gani, mama? Yale maziwa ya kopo niliyoacha juu ya kabati—

MAMA MKWE: Ule unga? Unanuka dawa ya mende. Mjukuu wangu si mende.

MKAZA MWANA: Mama, nakuomba, umempa nini?

MAMA MKWE: Amenyonya! Kama watoto wa watu wanavyonyonya. Mama Pacha wa nyumba ya pili ana maziwa ya kumwaga. Nimempelekea, akampa ziwa moja, pacha wake wakagawana lile jingine. Huyu mume wangu mdogo alivuta mpaka pua ikatoka jasho. Njaa ile, mwanamke wewe, Mungu anakuona.

MKAZA MWANA: Ee Mungu wangu.

MAMA MKWE: Mwite, mwite. Umwambie na wewe ni mama gani, unamnyima mtoto ziwa unakwenda kushona mifuko ya suruali.

MKAZA MWANA: Sikumnyima. Daktari alinikataza. Mama, nilikuwa nakamua nikimwaga kwenye sinki, mtoto yuko chumba cha pili analia. Unafikiri nilikuwa nacheza?

MAMA MKWE: Kumwaga maziwa ya mtoto kwenye sinki! Hata paka hafanyi.

MKAZA MWANA: Na alipoanza kuharisha, ulimpa nini?

MAMA MKWE: Maji ya sukari na chumvi, yamechemshwa, yamepoa, kijiko kwa kijiko. Ndivyo kliniki wanavyofundisha. Au na wao hawajui? Mnajua wewe na daktari wako mwenye miwani?

MKAZA MWANA: Amekunywa mengi?

MAMA MKWE: Jagi moja limekwisha. Nakoroga la pili hapa.

MKAZA MWANA: Acha! Mama, acha kukoroga, weka kijiko chini—

MAMA MKWE: Usinipigie kelele! Mimi si mwanafunzi wako wa cherehani.

MKAZA MWANA: Nisamehe. Nisikilize kidogo tu. Kwa watoto wengine hayo maji ni dawa kweli. Kwa huyu ndiyo yanayomkausha.

MAMA MKWE: Huyu ameshushwa kutoka wapi, asiyefanana na watu?

MKAZA MWANA: Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini. Ndogo mno, haionekani. Kazi yake ni kama ya mpagazi: inashika sukari huku, chumvi huku, inavivusha kuingia ndani, na maji yanafuata nyuma. Ya mwanangu imezaliwa na hitilafu. Haibebi. Sukari inabaki tumboni, inavuta maji ya mwili, yote yanatoka.

MAMA MKWE: [anacheka] Mpagazi! Utumbo umekuwa stendi ya mabasi. Na amegoma kwa nini, anadai mshahara?

MKAZA MWANA: Mama—

MAMA MKWE: Subiri nicheke. Mtu anaharisha kwa sababu ya mpagazi asiyeonekana. Na wewe umeshika hiyo hadithi, ukafunga kifua.

MKAZA MWANA: Maziwa ya mama yana sukari ileile, mama. Yangu, ya Mama Pacha, ya ng'ombe, yote. Ya kopo yana sukari ya matunda, hiyo ina mpagazi wake mwingine, na huyo ni mzima.

MAMA MKWE: Wamekuwa wawili sasa! Kesho utaniambia wana chama.

MKAZA MWANA: Wiki hii yote, nikimpa ya kopo, aliharisha?

MAMA MKWE: [anambembeleza mtoto]

MKAZA MWANA: Mama? Unanisikia?

MAMA MKWE: Nakusikia, si kiziwi. Hakuharisha.

MKAZA MWANA: Na leo?

MAMA MKWE: Leo... ni joto.

MKAZA MWANA: Tazama utosi wake. Umebonyea?

MAMA MKWE: [anasogea, kilio kinasikika karibu, kimedhoofika] Umebonyea kidogo.

MKAZA MWANA: Akilia, machozi yanatoka?

MAMA MKWE: Unaniuliza maswali kama polisi.

MKAZA MWANA: Yanatoka?

MAMA MKWE: Hayatoki.

MKAZA MWANA: Mwaga hayo maji. Mkorogee maziwa ya kopo, mpe kidogokidogo njiani, mkimbize hospitali sasa hivi. Waambie wamtundikie dripu. Kupitia mshipa haina shida, shida ni utumbo tu. Nakuja huko huko.

MAMA MKWE: Na hiyo hitilafu ameitoa wapi? Kwenu, bila shaka.

MKAZA MWANA: Kwetu nusu. Nusu kwa baba yake. Daktari anasema lazima itoke pande zote mbili.

MAMA MKWE: Koma! Ukoo wangu ni safi. Mwanangu anaendesha lori nchi nzima, lini umesikia tumbo linamsumbua?

MKAZA MWANA: Anaweza kuibeba bila kuugua. Na wewe pia unaweza. Na marehemu baba. Mume wangu aliniambia... alikuwa na kaka. Mkubwa wake.

MAMA MKWE: Usimtaje.

MKAZA MWANA: Simtaji, mama.

MAMA MKWE: Yule alinyonya! Mimi sikuwa kama wewe. Sikumtoa kifuani usiku wala mchana. Akiharisha nampa ziwa, akiharisha nampa ziwa, naomba Mungu, nampa ziwa. Hakuna anayeweza kusema nilimnyima.

MKAZA MWANA: Hakuna, mama.

[Maji yanasikika yakimwagwa, kisha jagi linagonga sinki.]

MKAZA MWANA: Mama? Umemwaga?

MAMA MKWE: Jagi lilikuwa chafu. Usidhani nimekuamini. Vijiko vingapi vya huo unga wa mende?

MKAZA MWANA: Kile kidogo cha ndani ya kopo, kimoja, maji mpaka mstari wa kwanza wa chupa.

MAMA MKWE: Mstari, kijiko... Kulea kumekuwa ushonaji. [mtandao unakwaruza] —nywa. Anakunywa. Uso kaukunja kama wewe ukila chakula changu.

MKAZA MWANA: Asante mama. Asante. Mungu akubariki.

MAMA MKWE: Usinililie, nina mzigo mgongoni. Nafunga mlango. Mama Pacha! We Mama Pacha! Nipishe, na usiniulize kitu! Mtaa huu kila mtu ana masikio.

MKAZA MWANA: Chukua bodaboda, mama, usitembee.

MAMA MKWE: Nimeshapanda, unanifundisha na kupanda? Dereva, hospitali! Na usiruke matuta!

MKAZA MWANA: Msimamizi anasema salio lake linaisha, mama. Tutakutana mapokezi—

MAMA MKWE: Ngoja. We msomi.

MKAZA MWANA: Naam, mama.

MAMA MKWE: Yule wangu wa kwanza. Kama angepewa maziwa ya kopo, angeishi?

MKAZA MWANA: Mama...

MAMA MKWE: Nimeuliza. Si unajua kila kitu leo, wapagazi, ukuta, mistari ya chupa? Mbona sasa umenyamaza?

MKAZA MWANA: Enzi hizo hakuna aliyejua, mama. Hata madak—

[Simu inakatika.]