Mama wa Usafi na Daktari Mkuu

Ndani ya basi, muuguzi aliyeketi mbele yangu alimweleza mzee asiyemjua, kwa sauti iliyomfikia hata dereva: "Mama wa usafi alimwambia daktari mkuu kwamba vichanga wawili wamebadilishiwa vitambulisho. Akajibiwa, 'Wewe deki!' Nikaenda kuangalia, kweli tupu, nikavirekebisha! Leo kikaoni mkuu kapigiwa makofi kwa umakini wake, eti yeye ndiye aliyegundua kosa. Mama wa watu kasimama mlangoni na ndoo, hata asante wala samahani hakuambiwa!"

"Bosi akiomba radhi hadharani, binti yangu, kesho nani atamtii?" Nilihisi mzee naye aliwahi kuwa bosi.

"Mimi ningemtii! Sasa yule mama ameapa hasemi tena. Siku akiona kosa jingine akanyamaza, baba, itakuwaje?"

Mzee alikohoa. Basi likasimama kituoni kwake, akashuka.