Fundi Taratibu na Kompyuta ya Gari la Bluu

Ndugu waombolezaji, jamaa wa karibu na wa mbali, majirani, walimu wenzake na mjane, na nyinyi mafundi ambao leo mmejisugua mikono hadi viwiko na bado grisi imekataa kutoka kwenye kucha, familia imemteua shemeji wa marehemu, yaani kaka mkubwa wa mjane, awasomee historia hii, si kwa kuwa ana sauti nzuri, bali kwa kuwa wenye sauti nzuri wote wanalia, naye alichelewa kukataa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi mitambo wa kinu hicho na mkewe aliyekuwa mshonaji, na inasimuliwa kwamba alizoea ngurumo ya mashine tangu tumboni, hata kinu kilipozimwa ndipo mtoto aliposhtuka usingizini na kulia. Jina la Taratibu alipewa na mama yake mzazi, kwa sababu alikuwa akitumwa chumvi dukani, mboga inaiva bila chumvi, inaliwa hivyo hivyo, vyombo vinaoshwa, ndipo kijana anaingia na chumvi yake mkononi, akieleza kwa utulivu kwamba njiani kulikuwa na pikipiki imefunguliwa na isingekuwa adabu kupita bila kuangalia.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1974 katika shule iliyotazamana na kinu, akamaliza mwaka 1980, akaendelea na sekondari hadi 1984, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1987 na kupata cheti cha umeme wa magari. Januari 1988 aliajiriwa na kampuni ya mabasi kuwa fundi umeme, akifanya kazi ndani ya shimo la karakana huku taa ya mkononi imening'inia kwenye ekseli, na mwaka 1993 alisafiri kwenda kufanya kazi katika mji wa bandari, kwenye yadi yaliposhushwa magari ya mitumba, na huko ndiko alikoanza kuyaona magari yasiyokuwa na kabureta, ambayo kila tone la petroli hutolewa kwa amri ya kisanduku cha bati kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kompyuta ya injini.

Huko ndiko pia alikokutana na shemeji anayesoma hapa, wakati huo dereva wa lori, mtu aliyevuka mipaka mingi na ambaye hajawahi kuvuka hata mmoja bila gari kumharibikia. Lori lilikuwa limegoma getini, madereva waliozibiwa njia nyuma yake wakimtakia mema ya kila aina pamoja na ukoo wake, ndipo akatokea kijana mwembamba asiye na haraka, akasikiliza, akafungua soketi moja, akaipuliza kwa mdomo, akaifunga, lori likawaka. Dereva akampa lifti hadi nyumbani kwao kwa ajili ya shukrani, na kwa kuwa shukrani ilichukua siku kadhaa, kijana akapata muda wa kutosha wa kumtazama dada mtu, mwalimu wa hisabati, ambaye alimsahihisha mara mbili mezani, naye akaonekana kufurahia kusahihishwa. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, na tangu siku hiyo yeye alimwita mkewe Mwalimu, mkewe akamwita Fundi, na hakuna aliyewasikia wakiitana vinginevyo hata walipogombana. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza alizaliwa mwaka 1998 na sasa ni muuguzi, wa pili alizaliwa mwaka 2003 na yuko chuoni akisomea uhasibu.

Mwaka 2001 marehemu alirudi kwao na familia yake na kufungua gereji yake mwenyewe nyuma ya wauza mbao, chumba kimoja chenye benchi, kiyoyozi kilichokufa na kompyuta mpakato iliyofunikwa kwa taulo kuzuia vumbi la mbao, na hapo ndipo alipojulikana na watu wa magari yaliyoongezewa nguvu, vijana wa tabo kubwa za kuisukumia injini hewa, nozeli kubwa za kuimiminia petroli na sailensa za kuamsha mtaa. Wote walifika na swali lilelile, kwamba injini imekwisha badilishwa, kompyuta ya kiwandani haielewi tena kinachoendelea, je, wachague njia gani, naye aliwajibu kwa mfano wa jikoni. Njia ya kwanza, alisema, ni kuiandika upya kompyuta ileile ya kiwandani, nayo ni sawa na kumfundisha mpishi wako mapishi mapya, mwisho wa uwezo wake unaujua, lakini mtu mwenyewe ni wa kwenu na kila jirani anamfahamu. Ya pili ni kuchomeka kisanduku katikati, kati ya kompyuta na injini, kiidanganye kompyuta kwamba mambo ni shwari, nayo ni sawa na kumwekea mpishi mkalimani mwongo mlangoni, chakula kitaliwa, ila ipo siku uongo utagongana. Ya tatu ni kung'oa kila kitu na kuweka kompyuta mpya inayojitegemea, yenye uwezo wa kufanya lolote, nayo ni sawa na kumleta mpishi hodari ambaye hajawahi kuona moto, itabidi umfundishe hata kuchemsha maji. Shemeji wa marehemu, kwa kuwa alikuwa ametembea dunia na haambiliki, alichagua mkalimani mwongo kwa ajili ya gari lake mwenyewe, akamnunua katika mji wa mbali, na wote waliolisukuma gari lile kwenye harusi ya binamu yake wamo humu leo, asanteni kwa mara nyingine.

Lakini marehemu hakumchagulia mtu yeyote njia kabla ya kupelekwa safari moja ya kawaida ya mwenye gari, kazini, sokoni, shuleni kwa watoto, yeye akiwa amekaa kiti cha nyuma kama mama mkwe, kimya, akisikiliza, na mwisho wa safari aliuliza swali moja tu, "Nani mwingine analiendesha?" Aliyejibu kwamba yuko peke yake alipewa kompyuta ya kujitegemea akitaka, na aliyesema kwamba mkewe, au baba yake mzee, au mdogo wake hulichukua mara mojamoja, alirudishiwa kompyuta ya kiwandani iliyoandikwa upya kwa adabu, hata akinuna, maana marehemu alisema gari la nyumbani halina haki ya kumjua mtu mmoja tu.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Gari la bluu, ambalo nyote mnalijua na ambalo limeegeshwa hapo nje, marehemu alilinunua mwaka 2009 likiwa bovu, akaliwekea tabo kubwa, akauza nozeli za kwanza na kuweka nyingine pana, akafunga kompyuta ya kujitegemea aliyoifundisha mwenyewe neno kwa neno, na ingawa kwa heshima ya kazi hakukata hata waya mmoja wa kiwandani, na kompyuta ya zamani aliihifadhi ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, hakuna aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lile na kumuuliza yeye swali lake. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, liliwaka kwa masharti, ufungue swichi usubiri pampu inyamaze, ufunge, ufungue tena, ukanyage mafuta kiasi cha unene wa soli ya ndala, uachie kabla halijakohoa. Yeye aliyafanya hayo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati lake.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kupungua mwili na kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba alizidiwa, mkewe na binti mkubwa wakambeba hadi kwenye gari la bluu, Mwalimu akashika usukani, akazungusha ufunguo, likakohoa likafa. Akajaribu tena, na tena, marehemu akiwa pembeni yake amekunja mwili, akijitahidi kumwelekeza, unene wa soli, Mwalimu, soli ya ndala, si ya kiatu, hadi pumzi ikamwishia na petroli ikazilowesha plagi, na ikabidi jirani dereva wa teksi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu, aje na fulana ya ndani awachukue. Mwalimu hakusema kitu siku hiyo wala siku zilizofuata, na wanaomjua wanajua kwamba kimya chake kina alama nyekundu.

Marehemu alipotoka hospitali, madaktari wakiwa wameeleza wazi kwamba lililobaki ni kutuliza maumivu, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa kopo la biskuti. Mafundi wenzake walikuja kumsaidia wakidhani anataka kulitengeneza gari kwa ajili ya ukumbusho, wakamkuta kwenye kiti cha plastiki uani, blanketi mabegani, akiwaagiza washushe tabo kubwa warudishe ile ndogo ya kiwandani, wang'oe kompyuta ya kujitegemea, na rafiki yake wa miaka yote, mnayemwita Spana, akaweka spana chini.

"Taratibu, unaliua gari," alisema.

"Gari litapona, Spana. Mimi ndiye ninayeondoka. Na Mwalimu ana vipindi asubuhi."

Baada ya hapo hakuna aliyebisha, isipokuwa shemeji, aliyependekeza kwamba gari lingeweza kuachwa lilivyo akabidhiwa yeye, na ambaye alitazamwa na dada yake kwa namna iliyomfanya akaoshe vyombo.

Kuiandika upya kompyuta ya kiwandani haikuwa kazi ya mchana mmoja, kwa kuwa nozeli pana zilibaki, na mpishi wa zamani ilibidi afundishwe kumimina kwa kijiko kikubwa. Mwalimu aliendesha safari zake za kawaida, shuleni, sokoni, kwa mama yake, marehemu akiwa kiti cha nyuma na kompyuta mpakato magotini, akirekebisha, akitapika kwenye ndoo inapobidi, akirekebisha tena, na ndani ya wiki chache gari lilitembea kwa upole ambao wapenzi wa mwendo walisikitika kuuona. Likabaki jambo moja, kuwaka asubuhi. Mafundi mnajua, na wengine mfahamu, kwamba injini ya baridi hujaribiwa mara moja tu kwa siku, ikishawaka imepata joto, na kosa ulilolisikia asubuhi hii utajua kama umelisahihisha kesho asubuhi. Mtu anayehesabiwa asubuhi zake alikuwa na kazi inayokula asubuhi moja kwa jaribio moja.

Kitanda kikahamishiwa dirishani, gari likaegeshwa chini ya dirisha, na kila kulipokucha Mwalimu alivaa kwa ajili ya kazi, akatoka, akazungusha ufunguo bila kukanyaga chochote, marehemu akisikiliza amefumba macho. Kuna asubuhi lilikataa kabisa, kuna asubuhi liliwaka likatetemeka likazima, kuna asubuhi ya mvua ambayo hakuwa na nguvu ya kuandika, binti mdogo akaandika anachoambiwa, tarakimu moja baada ya nyingine, na Mwalimu, aliyefundisha hisabati maisha yake yote, alianza kurudi ndani na kumwambia kabla hajauliza, leo mafuta yamezidi, Fundi, nimesikia harufu, naye akaitikia kwa kichwa, sawa, Mwalimu, tunapunguza. Wanaofikiri kwamba hayo hayakuwa mapenzi hawajaoa, au wameoa na hawajaharibikiwa na gari.

Alhamisi, tarehe 16 Februari 2023, kabla ya saa ya jaribio, hali ya marehemu ilibadilika. Binti muuguzi aliangalia, akasema twende sasa hivi, wakambeba, na kwa kuwa kiti cha nyuma ndicho alichokizoea akalazwa hapo, kichwa mapajani mwa binti, na jirani wa teksi tayari alikuwa getini na ufunguo wake mkononi endapo atahitajika, maana naye aliikumbuka siku ile. Injini ilikuwa ya baridi, na masahihisho ya jana yake yalikuwa hayajajaribiwa. Mwalimu alikaa, akaweka miguu yote miwili sakafuni, mbali na pedeli, akazungusha ufunguo mara moja. Gari la bluu likawaka, mlio ukashuka taratibu, likatulia, kama kinu kinavyosikika kutoka mbali.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ndogo, ikiwa na kicheko ndani yake, "Umeona, Mwalimu? Sijasema kitu."

Marehemu aliaga dunia hospitalini Jumamosi, tarehe 18 Februari 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, mkewe amemshika mkono. Ameacha mjane mmoja, mabinti wawili, gereji nyuma ya wauza mbao ambayo Spana ataiendesha, na shemeji mmoja ambaye kuanzia sasa itabidi ajifunze kusikiliza akiambiwa.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na ambao walivumilia kuelezwa kasoro ya jenereta lao, majirani waliopika, waliokesha na waliovumilia mlio wa gari alfajiri bila kulalamika, dereva wa teksi aliyekuja na fulana ya ndani, walimu walioshika vipindi vya mwenzao, na mafundi wote mlioshusha tabo kubwa huku mkilia. Mjane ameomba litamkwe kwamba leo asubuhi kulikuwa na baridi, na kwamba amekuja hapa akiendesha mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Fundi. Liliwaka kwa jaribio la kwanza.