Nani Kaifunga Tuzo?

DANFORD: Haloo? Nani mwenzangu? Haloo, unakatika, sogea nje kidogo—

NYANJIGE: Danford! Mimi mama yako. Nimeazima simu ya Justina, huyu mwenye duka hapa Somanda. Yangu imekufa chaji.

DANFORD: Oo, mayu! Mwangaluka. Mhola?

NYANJIGE: Mhola duhu... Hapana. Si salama, mwanangu. Kuna neno limenikaa kichwani, nalifukuza linarudi. Wanasema tuzo ilikuwa ya kwako, ikafungwa.

DANFORD: Ikafungwa vipi?

NYANJIGE: Kama mvua inavyofungwa.

DANFORD: [anacheka] Aa, mayu! Waliofunga ni majaji wa hapa hapa Dar. Filamu yetu magazeti yameisifu, imefika mpaka Ulaya, wazungu wamesimama kuipigia makofi. Siku ya tuzo, wapi! Wamempa jamaa mwenye filamu ya mademu wawili wanagombania pedeshee. Sisi hata kutajwa—

NYANJIGE: Nisikilize—

DANFORD: —hata Bibi Salu hawakumtaja! Bibi wa watu kaigiza mpaka jaji mmoja kalia, halafu—

NYANJIGE: Usimtaje kwa sauti.

DANFORD: Kwani uko na nani hapo?

NYANJIGE: Niko barazani kwa Justina. Watu wanapita.

DANFORD: Sasa bibi kafanya nini?

NYANJIGE: Hajafanya kitu. Wewe ndiye uliyeongea redioni.

DANFORD: Redio gani?

NYANJIGE: Hizo za watu binafsi, ziko nyingi siku hizi. Zamani ilikuwa moja, ikidanganya tunajua nani kadanganya. Mtangazaji kakuuliza kwa nini mmekosa tuzo. Wewe ukasema, labda kuna bibi kule Bariadi katuroga.

DANFORD: Mayu, ule ulikuwa utani! Nilicheka kabisa!

NYANJIGE: Kicheko tulikisikia. Wakasema, mnaona, hata mwenyewe anajua, anacheka kwa uchungu.

DANFORD: Akina nani hao wanaosema?

NYANJIGE: Mabula na wenzake. Wale vijana wako wa Dutwa.

DANFORD: Si ndio walioigiza lile kundi linalomvamia bibi?

NYANJIGE: Hao hao. Uliwaambia tuzo ikipatikana mtawapeleka Dar, mtapiga filamu ya pili. Pamba mwaka huu imekataa, walikuwa wanangoja hiyo tu. Sasa wamekaa. Na mtu aliyekaa hutafuta sababu.

DANFORD: Lakini Bibi Salu hakuigiza mchawi! Aliigiza bibi anayesingiziwa. Filamu nzima ni ya kumtetea, mayu, ndiyo maana yake—

NYANJIGE: Hiyo maana unayo wewe. Huku wameona bibi, macho mekundu, amezungukwa.

DANFORD: Macho mekundu ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe, tumelisema kwenye filamu!

NYANJIGE: Na mimi napikia nini? [mtandao unakwaruza] Juzi nimesalimia watu pompani, hakuna aliyeitika. Monika kabeba ndoo yake nusu, kaondoka.

DANFORD: Mama, usinitishe.

NYANJIGE: Sijamaliza. Mabula kapeleka kuku kwa mfumu, apigiwe ramli.

DANFORD: Kuku kapasuliwa?

NYANJIGE: Amepasuliwa. Mfumu kaangalia ndani, kasema aliyefunga hakai mbali. Anakaa penye mlango uliopakwa rangi.

DANFORD: Milango ya rangi iko mingi Dutwa...

NYANJIGE: Pale senta, madukani. Kule kitongojini kwa bibi upo mmoja. Nani aliupaka?

DANFORD: Mimi. Ulikuwa wa mbao tupu. Kwenye kamera haukuonekana, nikaona tukipaka buluu—

NYANJIGE: Basi umeonekana.

DANFORD: Subiri. Subiri, mayu. Nenda kwa mtendaji.

NYANJIGE: Nimetoka huko. Kaniuliza, nani kapigwa? Nikasema bado. Akasema basi akipigwa mtu mje.

DANFORD: Mshenzi huyo! Sikia, nakuja mwenyewe. Napanda basi kesho, nakuja na jenereta na shuka jeupe. Tunaionyesha filamu bure, wazi, Dutwa nzima. Wakiiona mpaka mwisho wataelewa—

NYANJIGE: Wameshaiona.

DANFORD: Wameionea wapi?

NYANJIGE: Kwa Yakobo, kwenye kibanda cha video. Kapata mkanda sijui wapi. Watu walijaa mpaka dirishani. Walipofika pale bibi anapouawa, unajua walifanya nini?

DANFORD: Walinyamaza?

NYANJIGE: Walipiga makofi.

DANFORD: [mtandao unakwaruza] ...mayu...

NYANJIGE: Mabula kasema turudishie pale. Yakobo akarudisha.

DANFORD: Bibi mwenyewe anasemaje?

NYANJIGE: Anafurahi! Anawaambia watoto, mimi nimeliza watu Dar. Nimemtuma binti, Shida, akamwambie ahamie kwangu, kakataa. Anasema hao vijana ni wajukuu zake, walikula kwake mlipokuwa mnapiga picha. Wanampungia mkono wakipita. Wanapita sana, Danford. Nyuma ya zizi lake.

DANFORD: Nyuma ya zizi hakuna njia.

NYANJIGE: Ipo. Uliwapitisha wewe. Siku nzima nilikuwa nimekaa pale nakuangalia ukiwaelekeza. Rudini, rudieni, msikanyage majani makavu, wewe Mabula tangulia, wewe baki mlangoni. Mpaka wakajua.

DANFORD: Ilikuwa filamu tu, mayu.

NYANJIGE: Sikulaumu. Yule bibi ni mama yangu mdogo, na nilikupa kwa mkono wangu, akiwa mzima. Sasa nakwenda kumchukua. Basi la Dutwa linajaza hapo mbele.

DANFORD: Usiende peke yako! Nenda na jirani yako baba Shija, nenda na mwinjilisti—

NYANJIGE: Nikienda na wanaume watajua tunamtorosha. Nakwenda kama mtu anayekwenda kusalimia. Nitamwambia wewe umempigia, unamtaka Dar akapokee tuzo.

DANFORD: Tuzo gani, mayu? Hatuna tuzo.

NYANJIGE: Yeye hajui. Kwa tuzo atapanda basi.

DANFORD: Mama, ngoja, nimpigie jamaa yangu mmoja mwandishi wa—

NYANJIGE: Hapana! Unaona? Ndiyo maana nimekupigia kabla sijaondoka. Justina anasema vocha inakata. Kondakta ananiita. Nyamaza ushike.

DANFORD: Sema.

NYANJIGE: Usije na kamera.

DANFORD: Sawa.

NYANJIGE: Usimtaje redioni, hata kwa kumsifu. Usitume picha yake gazetini.

DANFORD: Sawa, mayu.

NYANJIGE: Ukiulizwa habari za tuzo, usicheke.

DANFORD: ...Sawa.

NYANJIGE: Usimpigie Mabula. Usimtishe, usimbembeleze, usimuahidi filamu ya pili.

DANFORD: Mayu, nakusikia kwa mbali—

NYANJIGE: Usibishane na mtu wa huku kwamba uchawi haupo. Watauliza kwa nini unamtetea.

DANFORD: Sawa. Sawa.

NYANJIGE: Usimwambie mtu yeyote kwamba nimekwenda Dutwa. Na kama jioni sijapiga—

DANFORD: Mama?

NYANJIGE: —usije kutufuata kwa ile njia ya nyuma ya zi—