Leso Iliyozuia Safari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Caren Nekesa wa Bungoma, aliyetutoka wiki iliyopita. Caren ndiye mwanamke aliyefunguliwa mlango akakataa kutoka. Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Mwaka 2006 Caren alikwenda Dubai. Aliahidiwa kazi ya dukani, mtaa wa Al Rigga. Akaishia kwenye fleti ya watu, yaya yeye, mpishi yeye, dobi yeye. Madam alimchukulia pasipoti. Akitoka, humfungia mlango kwa nje. Narudia: kwa nje.

Mdogo wake, Dorah, anakumbuka maneno yake: "Nilikuwa nasikia lifti ikipanda, nasema hii imenijia mimi. Inapita."

Siku moja, ng'ambo ya kichochoro, Caren akaona leso zimeanikwa barazani. Leso zenye Kiswahili! Alilia. Mwenyewe alikuwa Khairiya, mama wa Mombasa. Caren akampishanishia mikono kama mtu aliyetiwa pingu. Khairiya akaelewa, akaenda kusema na mlinzi wa jengo la Caren, kisha akapaza sauti: "Ijumaa wakitoka, utafunguliwa! Wewe soma leso zangu, zitakuambia utoke au ungoje!"

Madam hakujua Kiswahili, ila kelele alizisikia. Dirisha likatiwa kufuli, basi, khalas. Zikabaki leso na kioo.

Inasimuliwa kwamba watumwa wa Marekani waliotoroka walisoma ishara kwenye mablanketi ya viraka, wakafuata nyota ya kaskazini. Caren nyota hakuwa nayo. Alikuwa na kamba ya nguo ya jirani.

Ijumaa ikafika. Hashir, mlinzi wa jengo aliyekuwa na ufunguo wa akiba, akafungua mlango. "Yalla, haya twende!" Caren akakimbilia dirishani kusoma kwanza. Leso ilisema: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Usisafiri! Akatikisa kichwa. Mlango ukafungwa tena.

Kumbe, jamani, fumbo lile, la kutotegemea bahati ya mwingine, halikuwa lake! Khairiya alikuwa amegombana na wifi yake wa jirani, Masuda, na wanawake wa pwani hawatukanani, huanikiana leso. Hasira zikamsahaulisha ahadi. Caren, mtu wa bara, akadhani kila leso ni barua yake.

Hashir aliogopa kurudia. Ramadhani ikaja, ikapita, Caren yumo ndani. Inaniuma, wasikilizaji, hadi leo inaniuma.

Khairiya, alipotambua kosa lake, alimbembeleza Hashir mpaka akakubali kwa shingo upande. Ijumaa iliyofuata barazani palikuwa na leso moja tu: KARIBU MGENI. Caren alishuka kwa ngazi, miguu mitupu. Lifti hakuiamini. Khairiya akampokea, na hatimaye akarudi nyumbani Bungoma.

Juzi, mazishini Bungoma, Khairiya alifika kutoka Mombasa. Akafungua mkoba, akalitandikia jeneza leso ile ile ya KARIBU MGENI.

"Nimeitandika kwa mkono wangu," akamwambia Dorah. "Safari hii asikosee kusoma."

Dorah, na jamaa wote, poleni sana. Mola amlaze pema. Nawe msikilizaji, ukianika nguo zako leo, inua macho utazame dirisha la jirani.