Bi Subiri wa Karakana ya Ndege

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka kazini moja kwa moja na sare zenu, haya anayoyasoma mjomba wa marehemu nimeyaandika mimi mama yake, na nimemwomba ayasome kama yalivyo, asiongeze chumvi, maana wote tumechoka.

Binti yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili kati ya wanne na msichana pekee, akaanza shule ya msingi ya hapa mtaani mwaka 1990, akamaliza sekondari ya kutwa mwaka 2000, na katika miaka hiyo hakuna redio iliyosalimika nyumbani kwangu, alizifungua zote, na alizozirudisha hazikusema tena kama zamani. Baba yake alipofariki alikaa nami kwenye cherehani miaka miwili, akishona huku amenuna, kisha Septemba 2003 akaingia chuo cha ufundi wa ndege, akahitimu Julai 2006.

Tarehe 8 Januari 2007 aliajiriwa katika karakana iliyo nyuma ya uwanja wa ndege, na hakuondoka mpaka ugonjwa ulipomtoa. Kwa wasioijua kazi ile, tajiri anapotaka kuuza ndege yake, mnunuzi haangalii viti vya ngozi tu, anachungulia chumba cha rubani, na akikuta saa za kale za mishale anashusha bei au anakwenda zake, hivyo mwenye ndege anafungiwa vioo vipya vya kisasa, mfano wa televisheni ndogo, akadhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu mamlaka ya anga lazima ipitishe ufungaji huo, na nchi inakokwenda ndege nayo lazima ikubali, na ndege yenye vioo vipya visivyo na kibali inaweza kuwa ngumu kuuza kuliko ile ya mishale. Binti yangu ndiye aliyekagua ufungaji na kuutilia sahihi, na ndiye aliyekuwa akiwaambia wanunuzi wasubiri, wenzake wakamwita Bi Subiri, jina likaja mpaka nyumbani.

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 2010 na dereva wa gari la mafuta ya ndege, baada ya kumfokea kwa kuegesha vibaya, na Mungu akawajalia msichana mwaka 2011 na mvulana mwaka 2015, ambao wanapoomba chakula hujijibu wenyewe kwamba wasubiri.

Waliishi nyumbani kwangu, na kila alfajiri nilimchemshia chai, nikaijaza chupa kubwa ya bluu, yake na ya wenzake, kwa kuwa walisema ya kantini inanuka sabuni, na jioni chupa ilirudi tupu.

Novemba 2022 karakana ilikuwa na ndege nyeupe iliyokwisha kupata mnunuzi, vioo vimefungwa, kikabaki kipimo kimoja cha kumwonya rubani akiikaribia ardhi, ambacho kilitakiwa kujaribiwa angani, na hali ya hewa ikagoma wiki nzima. Meneja alimsihi atie sahihi tu, mambo yatajipa, wenzake nao wakamwambia dada, usitutie njaa, lakini yeye alisema hajakiona kikifanya kazi angani na hawezi kuandika kwamba amekiona. Mnunuzi hakusubiri, akanunua ndege nyingine, mishahara ikachelewa, wawili wakapunguzwa kazi, na chupa ikaanza kurudi nyumbani imejaa. Niliinywa mimi chai ile mpaka nikaichukia.

Kipimo kilijaribiwa Januari, kikafanya kazi vizuri kabisa, kama walivyosema wote, kibali kikatoka Machi, ndege ikauzwa baadaye kwa bei ya chini, na sitawadanganya kwamba jambo hilo halikumuumiza. Nilimwuliza kama haikuwa afadhali kutia sahihi, akanijibu mama, siku ile nilikuwa sijakiona, kisha akaenda kuosha vyombo. Chai aliendelea kuibeba, nilipomwambia nichemshe kidogo alikataa.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikwenda kazini, na tarehe 9 Juni 2024, Jumapili asubuhi, alifariki katika hospitali ya rufaa, mumewe na mimi tukiwa kando yake, ameacha mume, watoto wawili, mama na kaka watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemtania mpaka akacheka, na majirani waliowapeleka watoto shule tulipokuwa hospitalini. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, waliozungumza naye na walioacha kuzungumza naye, maana nawaona wote mmekuja, na wale wawili mliopunguzwa nimewaona pia, mmesimama nyuma, sogeeni mbele, viti vipo. Chai nimechemsha mwenyewe alfajiri, imo kwenye chupa ya bluu pale mezani, vikombe vipo kando yake, naomba leo isirudi imejaa.

Na wewe mwanangu, pumzika kwa amani, hapo ulipo hakuna wa kukuharakisha.