Mhariri Mkuukuu

Asubuhi hiyo msahihishaji wa gazeti alikaa basini nyuma ya fundi viatu, aliyekuwa akimsomea jirani yake gazeti hilo kwa sauti: "Kampuni yateua Mhariri Mkuukuu."

"Wamekosea hao," jirani akasema. "Ni Mhariri Mkuu."

"Wamekosea wapi, ndugu yangu? Mtu kastaafu mara mbili, wamemrudisha tena. Huyo hata ukimtia soli mpya, uzi haushiki."

"Basi aliyeandika ni shujaa."

"Shujaa asiye na kazi kuanzia leo."

Msahihishaji, ambaye jana aliipitisha habari hiyo kwa macho yake mawili, akavuta kofia hadi puani. Basi likasimama.

"Wa gazetini?" kondakta akauliza.

Msahihishaji akakumbuka ghafla kwamba anaenda mbele zaidi.